Swala Kumi na Nne Kutoka Winnipeg

Katika ukoo wetu hapa Ujiji, msichana haozwi mahali ambapo hawezi kurudi nyumbani kabla swala tano hazijapita. Kipimo hicho alikiweka babu yangu mzaa baba. Dada yake aliolewa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Mama yao alipofariki, habari ilivuka kwa mtumbwi, naye akavuka kwa mtumbwi, akafika siku ya tatu na kukuta udongo wa kaburi umeshaanza kukauka. Hakulia kwa sauti. Aliuliza jambo moja tu, nani amemwosha mama, wakamtajia mwanamke mmoja jirani, mtu mwema kabisa. Akasema ahsante, akakaa chini, na inasemekana hakutia kitu mdomoni mpaka aliporudi kwake.

Kwetu mwanamke akifariki huoshwa na binti yake au mjukuu wake. Wengine husaidia, lakini mkono wa kwanza ni wa damu. Na kwa kuwa maiti hatuilazi zaidi ya usiku mmoja, babu alihesabu kuanzia swala moja mpaka irudi ileile kesho yake, akapata tano. Akasema mabinti zake wataolewa humo ndani. Wakaolewa Gungu, wakaolewa Katonga, mmoja akaenda Kalinzi kule mlimani kwenye kahawa, na huyo wa Kalinzi ndiye aliyeonekana ameenda mbali, maana enzi hizo ni njia ya miguu. Baadaye yakaja mabasi, Tabora ikaingia ndani ya swala tano. Binti wa mdogo wangu ameolewa Dar es Salaam. Tuliuliza, tukaambiwa ndege ipo, tukakubali. Kwa hiyo msidhani sisi ni watu wagumu. Tunachotaka ni hesabu itimie.

Mjukuu wangu Nasra nimemlea tangu ana miaka minne. Baba yake, mwanangu mkubwa, alifariki, na mama yake akaolewa tena Mpanda, tukaelewana mtoto abaki kwangu. Mtoto wangu mwingine ni Abdulkarimu, mwenye duka la vipuri vya mashine za boti, na mkewe Anifa amemzalia wavulana wanne mfululizo. Basi mnaona wenyewe. Siku yangu ikifika, wa kuniosha ni Nasra, hakuna mwingine. Nilishamfundisha kila kitu: majani ya mkunazi yanavyopondwa, upande wa kulia uanze, maji yawe ya uvuguvugu, yamiminwe taratibu kama unamwogesha mtoto aliyelala. Alijifunza bila kuogopa. Akawa mtu mzima wa miaka ishirini na sita, anauza katika duka la dawa pale Mwanga, hapahapa Kigoma, na mikono yake ni mitulivu.

Mwaka juzi Idi Kubwa alikuja likizo kijana anaitwa Jumanne. Kazaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, akaenda Kanada kusomea ufundi, akabaki huko, anatengeneza lifti za maghorofa katika mji unaoitwa Winnipeg. Alikwenda duka la dawa kutafuta dawa ya mafua. Siku ya pili akaenda tena. Siku ya tatu Nasra akamwambia, "Kaka, haya mafua yako sasa yanahitaji daktari, mimi nauza tu." Wakacheka, na baada ya hapo ikawa simu kila siku. Mwaka jana mwezi wa kumi, wazee wa Jumanne wakaleta posa.

Nikawaambia wazee, tumewasikia, tupeni nafasi tupime.

Jioni hiyo Abdulkarimu alikaa barazani na simu yake. Akaandika Kigoma, akaandika Winnipeg, ikaja ramani ya dunia yenye mstari mwekundu uliopinda kama mshipi wa ndoana ukivutwa na mkondo. Chini yake maandishi. Akanisomea: umbali wa angani, kilomita elfu kumi na mbili mia tisa sabini na moja. Muda wa kuruka, saa kumi na tano na dakika arobaini.

"Mama, hizo ni swala ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole. Mtu akiondoka baada ya Alfajiri, zinampita Adhuhuri, Alasiri, Magharibi na Isha. "Nne," nikasema.

"Na ukoo unataka tano. Inabaki moja."

"Hiyo iliyobaki ni ya kunywea chai," alisema Anifa.

Nasra alikuwa uani anachambua dagaa. Nilimwona mikono imesimama, halafu ikaendelea. Mdomo wangu ulisema alhamdulillahi, lakini moyoni nilikuwa nimetegemea hesabu ikatae. Winnipeg nilidhani ni mbali kama mwezi, na hapa simu inaniambia ni jirani kuliko Kalinzi ya babu. Nikalala nayo hivyo. Kwa wiki nzima nyumba yetu ilikuwa ya furaha, na mimi nikajitahidi kufurahi nao.

Siku moja nikawa na miadi ya macho hospitalini mjini. Kutoka kwetu ni dakika ishirini kwa bajaji, kila mtu anajua. Nilitoka saa mbili asubuhi. Bajaji ya kwanza ilijaa, ya pili ilisimama kumsubiri mama mwenye ndoo za samaki aina ya migebuka, akaja, ndoo zikakataa kuingia, zikafungwa nyuma kwa mpira, tukaenda kuweka mafuta, tukakuta foleni. Nilifika saa tatu na nusu. Nimekaa kwenye benchi pale nikajiuliza: hizo dakika ishirini ni za nani?

Niliporudi nikamwita Abdulkarimu.

"Ule mstari mwekundu, ndege yake inapakilia watu wapi?"

"Mama, ule ni hesabu tu ya umbali."

"Kwa hiyo ndege haipo."

"Ndege zipo. Ila si hiyo."

"Basi tulitaka kukubali posa kwa ndege isiyokuwepo."

Alikuna kichwa. Anifa akasema, "Mama, usimrudishe nyuma mtoto wa watu, kila mtu anasafiri, watu wanafika." Nikamwambia kufika wanafika, mimi nauliza ni lini.

Nikamwomba Nasra ampigie Jumanne, aweke sauti tusikie wote.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mume wangu. Mwezi wa kwanza si unakuja kupokea jibu?"

"Ndiyo Bibi, likizo ninayo ya wiki nne."

"Sasa nisikilize. Usikate tiketi. Likizo ikianza, kaa hapohapo kwako. Mimi nitakupigia siku nitakayoichagua mwenyewe, na nikishakupigia naanza kuhesabu. Sitakuambia naumwa, sitafanyia mzaha jambo hilo. Nitakuambia njoo. Ukifika kabla swala tano hazijapita, mke unaye."

"Bibi, tiketi ya siku hiyohiyo si rahisi kuipata."

"Na mimi siku yangu ikifika sitakuwa nimekutumia barua mwezi mmoja kabla."

Nilimsikia anavuta pumzi, halafu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekamatwa. "Sawa Bibi. Nimekubali."

Nasra alichukua simu yake akaingia ndani. Hakunibishia. Tangu mdogo ndivyo alivyo, jambo likimuuma anakwenda kupanga vyombo ambavyo vimeshapangwa. Nilisikia sahani. Nataka niseme ukweli hapa, maana bila huo hadithi haina faida: nilitaka kijana ashindwe.

Nilichagua Jumatatu moja ya mwezi wa kwanza. Nikaswali Alasiri, nikakaa barazani, na saa kumi jioni nikapiga. Kwao ilikuwa saa moja asubuhi, akaniambia nje barafu imefika magotini. Nikasema, "Jumanne, njoo." Akasema, "Nakuja, Bibi." Nikachukua kalenda ya mwaka uliopita, nikaigeuza nyuma kulikokuwa kweupe, nikachonga penseli.

Ikaadhiniwa Magharibi, nikapiga mstari mmoja. Isha, wa pili. Ujumbe ukaja, Nasra akanisomea: nafasi ya leo hakuna, amepata ndege ya kesho asubuhi. Alfajiri, wa tatu. Adhuhuri ya siku ya Jumanne, wa nne, na yule kijana bado yuko kwake Winnipeg, begi limefungwa, anasubiri kukuche. Ilipoadhiniwa Alasiri nikapiga mstari wa tano. Wakati huohuo ndege yake ya kwanza ndiyo kwanza ilikuwa imeacha ardhi, tena si ya kuja Afrika, ni ya kumpeleka Toronto akapande nyingine.

Nasra alirudi kazini akakuta kalenda juu ya mkeka. Aliiangalia bila kuishika.

"Tano zimeisha, Bibi."

"Zimeisha."

"Mbona penseli bado iko mkononi?"

"Nataka kujua ni ngapi."

Akavua viatu, akakaa pembeni yangu, akaegemeza kichwa begani kwangu kama alipokuwa na miaka minne. Hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya. Tukakaa hivyo mpaka Magharibi, nikapiga wa sita.

Jumatano asubuhi yule kijana alikuwa Addis Ababa. Baada ya Adhuhuri akatua Dar es Salaam, na ndege ya Kigoma ilikuwa imeshaondoka asubuhi ile, mpaka kesho. Hapo Abdulkarimu akashindwa kujizuia. Alikuwa anakula, akasukuma sahani.

"Mimi nilimwambia huyu kijana. Nilimpigia kwa siri nikamwambia, njoo Dar mapema, kaa kwa rafiki yangu Ilala, Mama akipiga simu wewe unapanda ndege ya asubuhi tu. Angefika hapa swala nne tu zimepita. Unajua alinijibu nini?"

"Sijui."

"Eti, baba mdogo, siku Bibi akifariki kweli, Nasra hatakuwa Ilala. Atakuwa Winnipeg." Akatikisa kichwa. "Mtu unampa mlango, yeye anapita ukutani. Mama, umemsikia mjinga huyo?"

"Nimemsikia," nikasema.

"Nawe ulitaka kunidanganya mimi mama yako," nikaongeza baadaye, alipokuwa ananawa. Akajifanya maji yana kelele.

Sikupata raha jioni ile. Nilikuwa nimemtega kijana wa watu, akaona mtego, akaonyeshwa na njia ya kuukwepa, na bado akaja nao hivyohivyo mguuni.

Alhamisi tulipika tangu asubuhi. Anifa alikwenda Katonga mwenyewe kuchagua mgebuka mbichi, tukaupika kwa mawese na bamia, na ugali wa muhogo. Ndege ilipopita juu ya paa zetu Nasra alikuwa anasonga, hakuinua macho, lakini mwiko ulisimama. Nilikuwa nimeshaswali Adhuhuri na kupiga mstari bajaji iliposimama mlangoni. Mistari kumi na minne.

Jumanne aliingia na koti zito mkononi, macho mekundu kama aliyekaa kwenye moshi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mume wangu. Pole na safari."

"Nimeshapoa, Bibi." Na wala hakuwa amepoa.

Alikaa kwenye mkeka, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya goti. Alikuwa ameandika kila kitu, saa ya simu yangu, saa ya kila ndege kupaa na kutua, kila benchi alilokalia. Akanisomea bila kuruka. Mwisho akasema, "Angani nimekaa saa ishirini na moja. Kusubiri, saa arobaini na nane. Jumla sitini na tisa. Swala kumi na nne, Bibi. Siwezi kukuambia kwamba safari nyingine itapungua sana. Labda mbili, labda tatu. Ndani ya tano sitaweza kumleta, hata nikikimbia."

"Kwa hiyo umeshindwa."

"Nimeshindwa."

Abdulkarimu alitazama dari. Anifa alikuwa na chombo cha ugali mikononi, akabaki nacho hivyohivyo. Nasra akaja na jagi na beseni kumnawisha mgeni, maana chakula kilikuwa tayari na njaa haijui posa imekubaliwa au imekataliwa. Alipiga goti, Jumanne akanyoosha mikono, naye akaanza na ule wa kulia. Akamimina. Niliona mvuke kidogo, maji yalikuwa ya uvuguvugu. Aliyamimina taratibu, hayakuruka hata tone, kama mtu anayemwogesha mtoto aliyelala.

Basi mimi nikakaa naangalia ule mkono. Nilikuwa nimeutunza miaka ishirini na miwili kwa ajili ya siku moja, tena siku ambayo mimi mwenyewe sitakuwepo kuiona.

Tulikula. Jumanne alisinzia na tonge mkononi, Anifa akamwambia, "Mkwe, mgebuka una miba, lala kwanza au kula kwanza, chagua." Vyombo vilipoondolewa nikawaambia wakae wote.

"Nasra, njoo karibu. Yule shangazi wa baba yangu, aliyevuka ziwa siku ya tatu, aliuliza nini?"

"Nani amemwosha mama."

"Na wewe ukija na hizo swala kumi na nne, ukakuta udongo wangu umekauka, utauliza nini?"

"Nitauliza hilohilo, Bibi."

"Umeona. Mimi nitakuwa nimeshaoshwa, sina shida. Mwenye shida ni yule anayefika na kutajiwa jina ambalo hakulitegemea. Mimi nataka ujue jibu kabla hujaondoka. Ni Anifa."

"Mimi, Mama?" Anifa alishika kifua.

"Wewe. Umenipikia miaka kumi na tisa. Ila una mkono wa haraka, maji unayamwaga kama unazima moto. Itabidi ujifunze."

"Mama, mimi hapo naogopa."

"Utamwogopa nani, mimi?"

"Ndiyo," alisema Anifa, na hapo Nasra akacheka na machozi yakamtoka kwa pamoja, akajifuta kwa upande wa kanga.

Nikamgeukia Abdulkarimu. "Na wewe usije ukanilaza kumsubiri mtu. Swala tano ni zangu, nazihitaji. Atakayekuja atanikuta nilipo." Halafu nikamwambia Jumanne, ambaye alikuwa amefumbua macho kabisa sasa, "Nenda kawaambie wazee wako waje kesho baada ya swala ya Ijumaa. Na hiyo karatasi niachie." Ninayo mpaka leo, ndani ya kalenda.

Ndoa ilifungwa wiki iliyofuata, yeye akarudi kazini kwake, na karatasi za Nasra za kuhamia Kanada zikachukua miezi minane. Miezi hiyo nilimfundisha Anifa. Mkunazi aliuponda vizuri tangu mara ya kwanza, ni maji tu yaliyomshinda.

Asubuhi ya Nasra kuondoka nilimwambia achemshe maji. Akauliza ya nini, nikasema nataka kuoshwa nywele. Nilikaa uani kwenye kigoda, kitambaa nimekitoa, ziwa linaonekana kidogo kati ya nyumba mbili za jirani, na boti zilikuwa zinarudi na dagaa. Anifa nilimkalisha mbele yangu aone. Nasra akajaribu maji kwa kiwiko, akachanganya, akajaribu tena. Akaanza upande wa kulia.

"Yakoje, Bibi?"

"Mazuri. Ya uvuguvugu."

"Siyo moto?"

"Siyo moto. Siku ile nyingine ungeniuliza nisingekujibu, ndiyo maana nimetaka leo."

Mkono ulisimama kichwani kwangu, halafu ukaendelea. Aliosha mara tatu, akakausha kwa kanga, akapaka mafuta ya nazi, akachukua kitana. Alipoanza kugawa nywele nikajua anagawa mafungu matatu, kama nilivyomfundisha wasukwavyo marehemu.

"Hapana," nikamwambia. "Matatu ni kazi ya Anifa. Wewe suka mengi."

Akasuka mengi. Alichukua muda mrefu mpaka Abdulkarimu akaja kusema bajaji imefika, akaambiwa isubiri, ikasubiri.

Alipokwisha kwenda, na ndege imeshapita juu ya paa, maji yalikuwa yamebaki nusu ndoo. Anifa alichota kopo bila kuambiwa. Nikanyoosha mkono wa kulia juu ya beseni, akamimina.

"Polepole," nikasema.

Akamimina tena.